Karatasi Kwenye Koti la Parsaloi

Kitengela, Jumamosi alasiri

Nasimiyu, mama,

Mmeenda Rongai na baba yako kumuaga shangazi kabla ya safari yako ya masomo, na kwa jinsi ninavyoijua barabara ya Magadi, nina saa tatu au nne za kuwa peke yangu na kalamu. Sitakuandikia kuhusu sweta. Baba yako ameshakuambia habari za sweta mara kumi, na mama mchungaji ameshakuambia habari za wavulana, na wote wawili walikuwa na sura ileile ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Ukisikia baridi utavaa. Ukipata mvulana utajua la kufanya, au hutajua, kama sisi wengine.

Nataka tuzungumze kuhusu ukurasa wa nne wa pendekezo lako la utafiti.

Uliponipa nilisome mwezi uliopita nilikuambia ni zuri. Nilikudanganya. Ni kurasa kumi na nane kuhusu jinsi watu wanavyoelewa takwimu na akili ya mashine kwa kutazama picha, na ndani yake hamna mtu hata mmoja. Kuna watumiaji. Kuna wadau. Hilo neno wadau nalidharau, kwa sababu kila nilipolisikia likitamkwa, aliyelitamka alikuwa ameshika samosa ndani ya hoteli, na hao wadau wenyewe hawakuwa wamealikwa. Lakini hayo ni makosa uliyofundishwa na walimu wako, na walimu wako niliwafundisha mimi, kwa hivyo tuyaache. La ukurasa wa nne ni baya zaidi. Pale umeandika kwamba hata mfugaji asiyejua kusoma huielewa picha iliyotengenezwa na kompyuta, kisha ukaweka jina langu na mwaka wa makala, kama inavyotakiwa. Kurasa zote zinazofuata umezijenga juu ya sentensi hiyo.

Sentensi hiyo ni ya uongo. Niliiandika mimi, na nilijua ni ya uongo kabla haijachapishwa.

Ulikuwa darasa la saba, wakati wa ule ukame wa kuingia elfu mbili. Utakumbuka ng'ombe wa Wamaasai wakipita hapa Kitengela wakielekea Nairobi, mbavu nje, kwenda kula maua ya kandokando ya barabara za jiji. Kulikuwa na mradi fulani, sina haja ya kuutaja, ulishakufa na ofisi yake siku hizi inauza vigae. Walikuwa na programu ya kompyuta iliyolishwa picha zilizopigwa kutoka angani na hesabu za mvua za miaka mingi, mpaka ikajifunza kukisia mahali nyasi zitakapokuwapo miezi mitatu baadaye. Walisema ina akili. Wakubwa walilitamka neno hilo akili kwa sauti ya chini, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuwaona wakimpa binadamu.

Makisio yake yalitoka kama ramani ya Kajiado yenye rangi. Kijani hafifu, kuna malisho. Manjano, ni wasiwasi. Nyekundu, usithubutu. Mimi nilikuwa mhadhiri mwenye shahada mbili na njaa ya ya tatu, nikapewa kazi ya kupima kama wafugaji wanaielewa ramani hiyo. Ndiyo kazi unayokwenda kusomea wewe, mama, ila kwa majina mapya.

Mkubwa wa mradi alikuwa bwana mmoja aliyevaa koti la mifuko mingi kama anakwenda kuwinda simba, na hakushuka kwenye gari ila kukojoa. Yeye ndiye aliyeamua kwamba ramani za rangi ni za wageni na za ripoti. Za wafugaji zitolewe fotokopi. Nikazipeleka hapa hapa Kitengela, kwenye kile kibanda cha fotokopi karibu na stendi, nikasimama nikiangalia zikitoka moja moja. Ile nyekundu ilitoka nyeusi ti. Kijani hafifu kikatoka karibu cheupe. Na pale chini, kwenye ufunguo wa ramani, kwa herufi ndogo za Kiingereza, bado iliandikwa kwamba nyekundu ni hatari, kwenye karatasi isiyokuwa na nyekundu hata tone.

Niliona. Usije ukafikiri sikuona. Nilijiambia haidhuru, kwani nani asiyejua kwamba nyeusi ni mbaya? Mimi kwetu Bungoma, Sunday school, tulionyeshwa kitabu chenye mioyo miwili, mweupe wa aliyeokoka na mweusi wa mwenye dhambi. Nilikuwa mtu mzima, nafundisha chuo kikuu, na hoja yangu yote ya kisayansi ilikuwa ule moyo wa Sunday school. Hata leo nikikumbuka nataka kumzaba makofi yule mwanamke aliyesimama pale kibandani akihesabu nakala.

Tulienda kanisa moja la mabati, mbele ya Kajiado mjini, kando ya njia ya vumbi. Watu walikuwa wametungoja tangu asubuhi. Katikati ya ule ukame walituchinjia mbuzi. Nami, baada ya kula mbuzi wao, nikawagawia karatasi, nikaeleza kwa Kiswahili cha haraka haraka kwamba kompyuta imetazama kutoka juu na sasa kila mtu atajua pa kuhamia, kisha nikaanza kumuuliza mmoja baada ya mwingine swali la fomu yangu: je, umeielewa picha hii? Ndiyo au la. Utafiti ulikuwa ndio huo. Hebu niambie, wewe ungemwambia mgeni uliyemchinjia mbuzi kwamba karatasi yake haieleweki? Wote walisema ndiyo. Niliweka alama kwenye visanduku kwa furaha kubwa.

Mmoja tu ndiye hakusema ndiyo. Alikuwa mama mzee aliyekaa mbele, wote walimwita Yeyo, yaani mama. Nilimsalimu "Takwenya", akaitikia "Iko", akacheka Kimaa changu kibovu. Kijana wake wa mwisho, mwanamume wa miaka thelathini hivi, alikaa kando yake kumtafsiria, kwa kuwa alikuwa amezoea Kiswahili cha minada ya ng'ombe. Nilipomuuliza Yeyo kama ameelewa, aliigeuza karatasi mpaka akapata barabara, akatafuta mto, akatafuta kilima chao, kisha akaweka kidole katikati ya weusi kabisa akasema maneno marefu.

"Anasema tutahamia hapa," yule kijana akaniambia. "Anasema nyasi iko hapa."

Nasimiyu, huyo ndiye mtu pekee siku ile aliyefanya utafiti. Aliniambia picha yangu inasomwaje. Aliniwekea kosa langu kwenye ncha ya kidole. Na dereva akapiga honi, kwa sababu mkubwa alitaka kuwahi chakula cha mchana mjini baada ya kuikataa nyama ya wenyewe, nami nikaandika kwenye fomu, mbele ya jina la Yeyo, neno moja: hajaelewa. Nikafunga kalamu.

Wakati naondoka yule kijana alinifuata garini. Alisema kwao, kabla hawajahama, mtu huenda kwanza kwa miguu kuangalia, siku nne au tano, kisha anarudi na nyasi mkononi ili wazee wazishike na kuzitafuna. Akauliza kama bado kuna haja. Nikamjibu, na maneno haya nimeyabeba miaka tisa, "Utachoka bure. Kompyuta imeshaona."

Jina lake ni Parsaloi. Ndiyo, huyohuyo wa langoni kwetu.

Nilikuja kujua miezi mitano baadaye, kwenye mkutano. Mkubwa alisimama mbele na chati zake za duara, akasema kwamba programu imekisia sawasawa, mahali ilipoonya ndipo hali ilipokuwa mbaya kuliko kote, ila kwa bahati mbaya baadhi ya jamii za upande ule hazikuuzingatia ushauri na zimepoteza mifugo karibu yote. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba. Mmoja akasema wafugaji ni wagumu. Mwingine akasema ni suala la elimu. Nilikwenda ofisini nikazifungua fomu, na nilipoliona jina la Yeyo nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Ilikuwa imeonya kweli, mashine ile. Kosa halikuwa lake hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kati ya kilichojulikana na waliohitaji kujua palikuwa na mtu mmoja tu, naye ni mimi.

Makala ilikuwa imekubaliwa lakini haijachapwa. Ningeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja. Badala yake niliongeza aya, ipo bado, ukurasa wa mwisho, inayosema kwamba wachache walioshindwa kuielewa ramani walishindwa kwa kukosa masomo. Kwa makala hiyo nilipandishwa cheo. Kwa makala hiyo nilipanda ndege nikaenda kuwaeleza Wazungu jinsi picha isivyohitaji maneno, wakanipigia makofi, nikakuletea ile saa ya bluu uliyoipenda. Watu wamenisifu kwa mengi maishani, na sijamdharau mtu yeyote kama ninavyomdharau yule aliyekuwa akisifiwa.

Parsaloi alifika Kitengela mwaka uliofuata kutafuta kazi. Alivunja mawe kwenye machimbo kwanza, kisha akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiuliza kama wanahitaji askari. Alipobisha kwetu nilimtambua kabla hajasema. Naye alinitambua. "Ni wewe mama wa karatasi," akasema, na akatabasamu, nikatafuta hasira usoni mwake sikuiona. Nikamwajiri siku hiyohiyo. Nilijisikia mwema! Mtu amepoteza ng'ombe wake kwa mkono wangu, nami nikampa kazi ya kunifungulia lango nikitoka na kulifunga nikirudi, halafu usiku nasali nikihisi tumelingana. Baba yako hajui. Alidhani nimemwonea huruma tu.

Wewe umekua naye. Ni yeye aliyekubebea sanduku la bati mpaka stendi ulipokwenda kidato cha kwanza, mimi nikiwa kwenye semina, ya wadau bila shaka.

Sasa nikuambie ya Jumapili iliyopita, baada ya sala ya kukuaga. Wageni walipokwisha kuondoka na wewe ukawasindikiza wasichana wa kwaya, Parsaloi alibisha mlango wa jikoni. Alikuwa amevua kofia. Akaingiza mkono ndani ya lile koti lake la kijeshi, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu.

"Mama Nasimiyu," akasema, "nasikia msichana anaenda kusomea hizi picha za kompyuta."

"Ndiyo."

"Basi mpatie hii. Mwambie aangalie mahali nilikosea. Mimi nilifika huko nikapata vumbi tu. Na kompyuta haiwezi danganya, si wewe ulisema ilikuwa imeona? Nafikiri nilichelewa kwa njia. Ama ni ile mlima nilipita upande mbaya. Nimefikiria sana hii maneno."

Miaka tisa, Nasimiyu. Miaka tisa amekaa na karatasi yangu kifuani, minane kati ya hiyo langoni kwangu, akitafuta kosa lake.

Na unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Sawa, nitampa." Nikaipokea, nikamshukuru, nikafunga mlango, nikaenda kuosha vikombe. Wiki nzima nimekuwa nikipita pale langoni nikimpungia mkono. Nimekuona ukipanga nguo, na ukurasa wako wa nne ukiwa juu ya sanduku, na nimekuwa nikijiambia kwamba ni jambo dogo, kwamba utagundua mwenyewe huko mbele, kwamba msimamizi wako atakuelekeza. Msimamizi wako atakuelekeza kwenye makala yangu, mama, kwa sababu ndiyo wanayoinukuu wote. Watoto wa watu watapewa picha zilizotengenezwa na mashine zenye akili kuliko ile yetu, na mtu atasimama mbele yao na fomu akiwauliza kama wameelewa, na akipingwa atatoa jina langu. Halafu atatoa na lako.

Leo, mlipotoka tu, nilikwenda langoni nikaketi kwenye kile kibao chake, yeye amesimama. Nikamweleza. Nilimweleza fotokopi, nyekundu iliyotoka nyeusi, ufunguo wa Kiingereza.

"Kwa hivyo hiyo nyeusi ndio ilikuwa ukame?"

"Ndiyo."

"Lakini nyeusi ni mvua," akasema, si kwa kubishana, ila kama unavyomsaidia mtoto. "Wingu ya mvua ni nyeusi. Mchanga ikilowa inakuwa nyeusi. Hata Mungu akiwa mzuri na sisi, tunasema ni Mungu mweusi. Ule wa hasira ndio mwekundu."

Kwa hivyo ile rangi tuliyowanyima, tukaiweka kwa ajili ya wageni, ndiyo wangeisoma sawasawa bila kuelezwa na mtu. Ningemuuliza mtu mmoja tu, dakika moja, ningelijua hilo. Nilikuwa na fomu mia moja na sikuwa na swali hilo.

"Na hii nyeupe nyeupe?" akauliza.

"Nyasi. Si nyingi, lakini zilikuwapo."

Aliinamia ile karatasi mkononi mwangu, akatafuta kilima chao. "Hiyo nyeupe tulikuwa tumekaa ndani yake," akasema.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nisikufiche, ingenifaa. Badala yake aliuliza kuhusu mama yake. Nikamwambia kwamba Yeyo alinionyesha kwa kidole anavyoisoma, na mimi nikaandika kwamba hajaelewa, kisha nikaenda zangu. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Kwa kuwa ni Yeyo aliyeweka kidole, watoto wake wakubwa walimwambia ni yeye aliyewamalizia ng'ombe, kwa kujifanya anajua kusoma. Walimwambia hivyo mpaka anazikwa. Parsaloi peke yake ndiye aliyekataa, akasema kosa ni lake, la njia, na ndiyo maana aliondoka nyumbani.

"Hiyo fomu yenye iko na jina yake," akasema. "Bado iko?"

Ipo. Nilikuwa nimeiweka miaka yote ndani ya Biblia ya bibi yako, kwa unafiki ule ule. Nikaenda kuileta. Nilichukua na kalamu, nikataka kukata lile neno kabla ya kumpa, akanishika mkono.

"Usikate. Wacha waione hivyo hivyo."

Aliikunja akaitia kotini, mahali palipokuwa na ile nyingine. Akaomba ruhusa ya siku tatu. Mimi nikamwambia achukue atakazo, akasema tatu zinatosha, na akaondoka mchana huohuo kuelekea stendi bila kubadilisha hata viatu.

Ramani yake nimeifunga ndani ya bahasha hii. Ni yako, amekupa mwenyewe, usiipeleke kwenye mashine yoyote ya kunakili. Ukurasa wa nne uandike upya ndani ya ndege. Jina langu usilifute, liache palepale, ila useme alichokifanya mwenye jina. Ukiona haya, ujue hiyo haya ni yangu nawe umenibebea tu, ipeleke ufike uitue. Barua ya kukiri kwa jarida lililoichapisha makala iko mezani, nitaituma Jumatatu. Ukipiga simu wiki ijayo usiniulize kwanza kama nimekula, niulize kama nimeituma, kwa sababu unanijua. Na siku utakapoketi mbele ya mtu na picha yako mpya, usimuulize kama ameelewa. Mwambie akuonyeshe ataelekea wapi, halafu unyamaze, hata kama gari linapiga honi. Sijui kama hilo ni somo la kuvuka bahari kulifuata. Mimi nilikula mbuzi wa watu nikalikosa.

Nakusikia tayari ukisema "Mum, you're being too hard on yourself." Sijaanza kujihukumu hata kidogo.

Kesho alfajiri tukitoka na masanduku yako hutamkuta Parsaloi, na najua ulitaka akubebee kama ile siku ya kidato cha kwanza. Usinune. Wakati huo atakuwa kwao, ameketi na kaka zake, anawaonyesha kwamba mama yao alikuwa anasoma vizuri. Lango tutalifungua wenyewe. Komeo la chini ni gumu, nimelijaribu sasa hivi likanishinda, na baba yako hajaligusa tangu liwekwe. Itabidi tulishike wote watatu.

Ni mimi,
Mama yako